Bahari ndogo katika mji wa mikuba

Jirani akiingia sebuleni kwangu kwa mara ya kwanza, swali lake huwa lilelile: "Papa, hii samaki banakulaka?" Nikijibu kwamba hawaliwi, linafuata la pili: "Sasa njo ya nini?" Hapo huwa nababaika. Naishi Lubumbashi, mji wa mikuba, yaani shaba, mtaa wa Bel-Air, safari ya siku kadhaa kwa lori kutoka bahari yoyote ile, na ukutani kwangu kuna tangi la kioo lenye lita 300 za maji ya chumvi. Ndani yake wamo matumbawe laini, kamba wawili, konokono, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wanangu wamewapa hao samaki majina ya wachezaji wa Mazembe. Mchezaji akiuzwa, samaki hubadilishwa jina.

Kazi yangu ni pampu. Nafungia watu pampu za foraji, yaani visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, navuta mabomba, napandisha matangi juu ya minara. Miaka kadhaa iliyopita mzigo wangu wa pampu ulikwama bandarini Dar es Salaam, na katika siku za kungoja karatasi nikapanda boti kwenda kisiwa cha Bongoyo. Nikaazima miwani ya kuzamia, nikatia kichwa majini. Sikuokota hata kombe, maana pale ni hifadhi ya bahari, lakini nilirudi Lubumbashi na ugonjwa ambao dawa yake ni ghali. Samaki na matumbawe nilivipata baadaye kwa muuzaji wa Johannesburg, kwa karatasi zake zote. Nilichagua matumbawe laini kwa sababu yanavumilia makosa, na nilijijua kwamba makosa yatakuja.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa najua pampu, basi najua na chujio. Mengi yaliyofuata ni watoto wa kosa hilo.

Chujio langu la kwanza nililinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi. Ni lile la ndoo: chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobanwa kwa vibanio, pampu imekaa juu, ndani yake kuna sifongo, chini yake pete za kauri, chini tena mfuko wa mkaa. Maji yanashuka kwa bomba moja, yanapita matabaka hayo, yanarudi kwa bomba jingine. Kwa jicho la fundi ni kitu cha kupendeza. Halina kelele, halivuji, na baada ya siku mbili maji yaling'aa kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama tangi limejazwa kweli.

Maji kung'aa hakukuwa na maana yoyote. Kinachoua samaki hakionekani. Samaki anapumua na kunya, chakula kilichobaki kinaoza, na vyote hivyo vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoila amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Hukaa juu ya vitu: sifongo, mawe, zile pete za kauri. Kwa hiyo ile ndoo niliyoiona kama chujio la uchafu ilikuwa, kwa kweli, nyumba ya viumbe wadogo kwa mamilioni, na viumbe hao wanahitaji hewa kama samaki wenyewe.

Mtu wa Lubumbashi ameshajua naelekea wapi. Kuran, yaani umeme, ilienda jioni, mara tu baada ya kula, ikarudi alfajiri. Usiku ule sikuwa na wasiwasi. Niliwapulizia samaki hewa kwa pampu ndogo ya betri, wakalala salama. Kilichokuwa kinaendelea ndani ya ndoo sikukifikiria. Ndoo imefungwa, maji hayatembei, bakteria wanamaliza hewa iliyomo, wanaanza kufa, na wengine wasiohitaji hewa wanachukua nafasi yao. Umeme uliporudi, pampu ilifanya kazi yake kwa uaminifu: ilisukuma maji yote yale ya mle ndani, meusi, yenye harufu ya mayai mabovu, moja kwa moja kwenye tangi. Niliamshwa na harufu. Samaki mmoja wa mchangani niliyekuwa nampenda kuliko wote alikuwa ameshapinduka.

Sisemi chujio la ndoo ni baya. Hilo langu nilimpa rafiki yangu wa Katuba anayefuga samaki wa maji matamu, na linamtumikia vizuri, kwa sababu umeme ukikatika zaidi ya saa moja yeye hulichomoa, na kabla ya kuliwasha tena hulifungua na kumwaga kilichomo. Mimi husafiri kwenda Kasumbalesa, hulala Likasi, na nyumbani hakuna wa kufungua ndoo usiku wa manane. Tangu siku ile, kila chujio ninaloonyeshwa nauliza mambo mawili kabla ya bei. Linatoa nini hasa majini? Na kuran ikienda, linageuka kuwa nini?

Lubumbashi ina jambo jingine ambalo vitabu vya watu wa pwani havilitaji. Tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji yaliyoachwa wazi hapa hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko maji hayohayo yakiwa Dar es Salaam. Maji ya chumvi yenyewe hushika oksijeni kidogo kuliko matamu, na maji ya joto hushika kidogo kuliko ya baridi. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, nyumba zikiwaka kama tanuru, yote matatu yanakutana. Chujio lolote linalochanganya maji na hewa lina faida mbili kwangu, na lile linaloyafungia maji gizani lina hasara mbili.

Nikahamia kwenye tangi la chini. Hili ni tangi la pili, langu lina lita 80, linakaa ndani ya kabati chini ya lile kubwa. Maji yanafurika kutoka juu kupitia tundu lenye kichungi, yanaanguka chini, yanapita kwenye vyumba vyake, kisha pampu inayarudisha juu. Vifaa vyote vinajificha humo na maji yanapata hewa yakianguka. Hapa nilijiona niko nyumbani. Mabomba, viungo, gundi, usawa wa maji: kazi yangu ya kila siku. Nikalijenga kwa wikendi moja, nikawaita majirani.

Ilikuwa Jumapili, Mazembe inacheza, sebule imejaa vijana. Dakika kama ya sitini kuran ikaenda. Kelele za kulalamika zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyesikia maji. Bomba la kurudisha maji juu nilikuwa nimelizamisha nusu mita ndani ya tangi, kwa ajili ya urembo, lisionekane. Pampu iliposimama, maji yakaanza kujivuta kurudi chini kupitia bomba lilelile, kama dereva anavyonyonya mafuta kwa mpira. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita kumi na tano. Zilishuka zaidi ya mia. Nilikuwa nimefunga klape ya kuzuia maji kurudi, mpya kabisa, na kwenye foraji ningeiamini kwa macho yaliyofungwa. Lakini punje moja ya mchanga ilikuwa imekaa kwenye mdomo wake. Maji ya bahari yakaingia kwenye zulia la mke wangu, la harusi, na chumvi haitoki kwenye zulia. Aliniangalia kwa mwanga wa simu, akasema taratibu: "Papa, wewe njo fundi wa pampu, ao?" Vijana wakatoka nje mmojammoja kwa adabu.

Dawa yake ilikuwa tundu. Tundu dogo la milimita sita, nililotoboa kwenye bomba sentimita moja chini ya uso wa maji. Pampu ikisimama, uso wa maji unashuka ile sentimita, tundu linavuta hewa, mvuto unakatika. Tundu halihitaji umeme wala mpira. Nalisafisha kwa kijiti kila Jumamosi, maana konokono hupenda kukaa hapohapo.

Sasa nije kwenye mtambo ambao watu wengi huulizia kwanza: skima. Ni mnara wa plastiki wenye pampu inayokatakata hewa kuwa mapovu madogo kama vumbi. Uchafu ulioyeyuka majini, utelezi wa samaki, mabaki ya chakula, mafuta mafuta, una tabia ya kung'ang'ania pale maji yanapokutana na hewa. Kila kipovu kinapanda na mzigo wake, povu linajikusanya shingoni, linamwagikia kikombe cha juu, na unachomwaga asubuhi ni kitu cha rangi ya chai iliyochacha. Ukikinusa mara moja hutarudia. Kwenye maji matamu mtambo huu hufanya kazi vibaya sana kwa sababu mapovu hukua na kuungana. Chumvi ndiyo inayoyaweka madogo.

Nilichokipenda ni kwamba skima inatoa mzigo nje ya maji kabla haujaoza. Sifongo linaushika tu, likae nao mpaka utakapolisafisha, na wakati huo wote unaoza na kutoa amonia. Skima pia inatia hewa, jambo ambalo nimeshasema kwangu ni nusu ya vita. Kuran ikienda inalala tu. Hakuna kinachooza ndani yake cha kurudi kwenye tangi. Wiki mbili za mwanzo haikutoa kitu nikadhani nimeuziwa bovu. Kumbe plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani na lazima ijizoeshe. Nilikuwa nimeshaifungua mara tatu bure.

Lakini skima haigusi amonia yenyewe. Kwa hiyo swali la nani anakula amonia bado lilikuwa pale, na jibu nililolichagua ni mawe. Kuna historia hapa ambayo hunifurahisha. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta, aliandika jinsi alivyofuga matumbawe kwa mawe hai kutoka baharini na mapovu ya hewa tu, bila kichujio kingine. Miaka mingi baadaye wafugaji wa Berlin waliweka pamoja mawe hai, skima na taa kali, na mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina la mji wao. Wengi hufuata Berlin. Mimi, kwa umeme wetu, naona yule wa Jakarta alitufikiria zaidi.

Mwamba wa matumbawe una vitundu vingi kama mkate. Sehemu ya nje inapata hewa, na huko bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati. Ndani kabisa hewa haifiki, na huko wanaishi wengine ambao huivunja nitrati na kuitoa kama gesi ya nitrojeni, ileile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Ile ndoo yangu ilifika nitrati ikaishia hapo. Ndiyo maana nitrati ilizidi kupanda kila wiki. Kusafirisha mawe yaliyolowa kwa ndege kutoka Johannesburg kungenifilisi, kwa hiyo nilinunua kilo 25 za mwamba mkavu na kilo tatu tu za mwamba hai wa kuambukiza mwingine. Nilingoja wiki sita kabla amonia na nitriti hazijasoma sifuri. Nitrati ilianza kushuka baada ya miezi, polepole, na mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba Papa anafuga mawe.

Hesabu ya umeme nilifanya kwa kalamu. Batri ya 12 V yenye 100 Ah ina kama wati-saa 1,200, lakini ya risasi hupaswi kuitoa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Pampu yangu ya kurudisha inakula wati 35, skima 15. Jumla 50, ukitoa hasara ya inveta unabaki na saa kama kumi. Kipasha joto peke yake kinakula wati 200: kingemaliza batri kwa saa tatu pungufu. Kwa hiyo kipasha joto hakimo kwenye batri. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka, nalizungushia tangi blanketi, na mtoto wa mwisho huniuliza kama samaki wameugua.

Mwani wa nyuzi ninao kwenye chumba kimoja cha tangi la chini, chini ya taa ndogo. Unakula nitrati na fosfati, nauvuna kiganja kimoja kila wiki mbili. Taa ya kuua vijidudu niliitazama dukani nikairudisha. Haikuwa na adui kwangu.

Mkaa una kisa. Matumbawe laini hupigana kwa kemia: yale ya ngozi hasa hutoa majini vitu vya kuwachoma majirani, na mkaa maalumu huvinyonya vitu hivyo, ndiyo sababu nautumia. Rafiki mmoja wa Njanja akanicheka: "Uko nauza makala ao uko nanunua? Hapa makala iko kila pa kona!" Ni kweli, Lubumbashi tunapikia makala, yaani mkaa wa kuni, magunia yamejaa barabarani. Lakini makala ya jikoni vitundu vyake vimeziba kwa lami na majivu, na majivu hubadilisha maji. Ule wa chujio umechomwa tena kwa mvuke mpaka gramu moja inakuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 500 ukihesabu vitundu vyote. Rafiki yangu alisikiliza hesabu hiyo hadi mwisho, akaniambia sawa, lakini huo wako hauwezi kuivisha maharage.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningepaswa kuanza nalo, na sikuanza nalo kwa sababu nami nililifikia mwisho: maji yenyewe, kabla hata ya kutiwa chumvi.

Mji huu ulianzishwa 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru likaanza kuiyeyusha. Mlima wa takataka za tanuru, ule terili, unaonekana bado, na bomba lake la moshi liko kwenye kila picha ya mji. Mikuba iko kwenye udongo, kwenye vumbi, kwenye majina ya maduka. Sisi wenyewe tunaishi nayo. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mpaka miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwenye maji ya bahari mambo ni tofauti kabisa. Watu wanaotibu samaki wenye vimelea kwa dawa ya shaba hutumia kama miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na samaki huvumilia. Dozi hiyohiyo huua konokono, kamba na matumbawe. Yaani maji safi kabisa ya kunywa, ambayo ningempa mtoto wangu bila kufikiri, yanaweza kuwa na shaba mara kumi ya ile inayomuua konokono.

Na mimi ni nani? Ni fundi ambaye viungo vyake vyote ni vya shaba nyeupe. Pampu ya foraji yangu ina sehemu za shaba. Robine, yaani koki ya maji, ni shaba. Miezi ya kwanza nilikuwa nachota maji humo, nachanganya chumvi ya bahari ya kiwandani, namimina, halafu najiuliza kwa nini konokono hawadumu.

Basi nikafunga mtambo wa utando, ule wa kusafishia maji ya chupa, lakini mdogo. Maji yanapita kwanza kwenye kichungi cha matope, kisha mkaa, kisha yanasukumwa kwenye utando wenye vitundu vidogo sana vinavyopitisha maji na kuacha chumvi na metali nyingi nyuma. Mwisho yanapita kwenye punje za resini zinazonasa yaliyoponyoka. Tangi langu la mnarani liko mita tano juu, na kila fundi anajua mita kumi ni bari moja, kwa hiyo nilikuwa na nusu bari. Utando unataka karibu nne. Nikaongeza pampu ndogo ya kusukuma, safari hii yenye viungo vya plastiki tupu, na nilijisikia kama mpishi aliyekatazwa chumvi. Kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini kilisoma 280 kwenye maji ya foraji, 9 baada ya utando, 0 baada ya resini. Kwa kila lita moja safi, kama lita nne zinamwagika. Mke wangu alikataa zimwagike. Zinakwenda kwenye lengalenga, yaani mchicha, na lengalenga zetu hazijawahi kunenepa hivyo.

Kwa miezi mitano konokono waliishi. Kamba walijivua gamba bila shida. Matumbawe yanayofumba na kufumbua kama viganja yalifika mpaka kwenye kioo. Nikaanza kuwashauri watu.

Halafu akaja Mjomba kutoka Likasi. Ni mzee aliyefanya kazi migodini maisha yake yote, na ndiye aliyenilipia masomo ya ufundi. Alikaa mbele ya tangi muda mrefu, mikono juu ya fimbo, kisha akasema: "Mutoto, hii bahari yako iko ya bageni. Katanga iko wapi mule?" Akatoa mfukoni kitambaa, ndani ya kitambaa yai la malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari wanalochongea watalii mjini, limeng'arishwa kama kioo. Kabla sijasema neno alikunja mkono wa shati na kulitumbukiza mwenyewe, taratibu, katikati ya mawe. Lilipendeza. Nakiri, lilipendeza sana, na sikufikiri kitu chochote zaidi ya hapo.

Baada ya siku kama kumi konokono wa kwanza alianguka kutoka kwenye kioo, akalala mgongo chini. Siku ya tatu wakawa wanne. Matumbawe yakakunjamana, yale ya viganja yakaacha kupiga. Kamba mmoja akafa akiwa katikati ya kujivua gamba. Samaki walikula kama kawaida. Nilipima amonia: sifuri. Nitriti: sifuri. Chumvi: sawa. Nilibadilisha resini ambayo haikuwa imekwisha. Nilifungua skima. Nilifua mwani. Nilimlaumu hata muuzaji wa chumvi, kimoyomoyo.

Kilichonipa jibu ni samaki kula. Hewa ikipungua, samaki ndio wanaopanda juu kuhema. Amonia ikipanda, samaki ndio wanaoungua mashavu. Hapa samaki wazima, wasio na uti wa mgongo wanakufa. Nikakaa chini nikasema kwa sauti: hii ni shaba. Nikatazama mabomba yote, kiungo kwa kiungo, plastiki, plastiki, plastiki. Nilikuwa nimeufunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu, na mgeni mwenyewe amekaa sebuleni anakunywa chai. Malakiti ni kabonati ya shaba. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba tupu. Nililitoa lile yai. Mng'aro wake ulikuwa umekufa, limekuwa kama jiwe lililolowa maziwa.

Utando haukuweza kunisaidia, maana unalinda maji yanayoingia tu. Skima hutoa kidogo. Mawe yalifanya kazi upande wa adui: mwamba wa chokaa hushika shaba na kuiachia polepole wiki nyingi baadaye. Niliwahamishia waliobaki kwenye pipa la plastiki, nikabadilisha theluthi ya maji mara tatu ndani ya siku tisa, nikaweka mkaa mpya, na nikaagiza vile vitambaa vyeupe vya kunasa metali ambavyo hubadilika rangi kufuatana na vilichonasa. Cha kwanza nilikitoa baada ya siku nne. Kilikuwa buluu, buluu ya sare ya shule. Cha pili kilikuwa buluu hafifu. Cha tatu kilitoka na uchafu wa kahawia tu.

Mjomba sikumwambia. Aliporudi kwa matanga ya jirani alilikuta yai juu ya televisheni, kwenye kitambaa alichoshona mke wangu, taa ndogo imeelekezwa juu yake. Aliliangalia, akaliangalia tangi, akaniuliza mbona nimelitoa. Nikamwambia: "Mjomba, mule majini watu walikuwa hawalioni vizuri." Alitingisha kichwa. Mimi fundi, najua mzee wa mgodini anapojua kitu anachonyamazia. Kabla ya kuondoka aligonga lile jiwe kwa kucha, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkuba unakula kila kitu, hata mapafu.

Mwezi uliopita niliweka konokono sita wapya. Wako watano, wa sita nilimkuta ameziba lile tundu la bomba, nikamtoa kwa kijiti, akajificha nyuma ya mwamba na bado sijamwona. Kitambaa cheupe nakibadilisha kila wiki tatu. Cha juzi kilitoka na kivuli kidogo cha buluu kwenye pembe moja, kwa hiyo mawe bado yanalipa deni lake, na matumbawe ya viganja nitayangoja mpaka vitambaa viwili vifuatane vyeupe.